TAHARIRI: Vijana wa sayansi wasingojee kila tone kutoka ng'ambo

KILA mwaka vyuo vikuu vya humu nchini hufuzisha vijana waliosomea baiokemia, maikrobaiolojia, bayoteknolojia na sayansi ya maabara. Vyeti wanavyo, akili wanazo, na hamu ya kazi wanayo. Kile wanachokosa ni kichupa cha plastiki chembamba kuliko kidole chako cha mwisho, chenye matone machache ya kimiminika kisicho na rangi.

Kichupa hicho ndicho huamua kama mwanafunzi wa uzamili atamaliza mradi wake Disemba hii au ile ijayo. Ndicho huamua kama mkurupuko wa ugonjwa utatambuliwa leo au baada ya watu kuzikwa. Na mara nyingi, kichupa hicho huja kwa ndege.

Tunazungumzia vitendanishi, yaani kemikali, vimeng'enya na kingamwili ambazo maabara za utafiti wa viumbe hai hutumia kila siku. Ukumbi huu unashikilia kwamba Kenya inaweza kuanza kutengeneza vile vilivyo rahisi hapa hapa nyumbani. Kuendelea kuagiza kila tone si kudra ya Mungu. Ni uamuzi, na uamuzi unaweza kubadilishwa.

Kwani hivi vitu ni nini?

Ukiingia kwa chemisti mtaani ununue kijiti cha kupima mimba, tayari umenunua kitendanishi bila kujua. Ndani ya kile kijiti kuna kingamwili. Hizi ni protini ambazo mwili wa mnyama hutengeneza ili kushika kitu kimoja mahususi na kuachana na vingine vyote. Kingamwili za kijiti hicho hushika homoni ya hCG, inayopatikana kwenye mkojo wa mwanamke mjamzito. Zikiipata, mstari wa pili unatokea. Zikiikosa, unaona mmoja tu.

Kipimo cha haraka cha malaria kinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila kingamwili zake hushika protini ya kimelea cha malaria katika tone la damu. Watafiti nao hutumia kingamwili kutafuta protini yoyote wanayochunguza, iwe ya saratani, ya virusi au ya ubongo.

Halafu kuna vimeng'enya. Hivi ni protini zinazofanya kazi: kukata DNA, kuiunganisha, au kuitoa nakala. Kile kipimo cha PCR ambacho kila mtu alikijua jina wakati wa Covid-19 hutegemea kimeng'enya kimoja kinachoitwa Taq. Juu ya hivyo kuna chumvi, bafa, rangi, na agari ya kuoteshea bakteria.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayetaka kujua kama bakteria walio kwenye sukumawiki inayouzwa sokoni wana usugu wa antibiotiki. Atahitaji agari ya kuwaotesha, kemikali za kutoa DNA yao, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, Taq yenyewe, jeli ya kutenganisha matokeo na rangi ya kuyaonyesha. Akikosa kimoja kati ya hivyo, vingine vyote ni mapambo ya friji.

Na swali lake si la kuchezea. Hiyo sukumawiki ndiyo wewe unakula jioni.

Safari ya tone moja

Sasa fuata safari ya hiyo Taq. Mhadhiri anaomba bei kutoka kwa ajenti jijini Nairobi. Ajenti anaandikia kampuni iliyo Ujerumani, Uingereza au Marekani. Afisi ya ununuzi ya chuo inataka fomu zijazwe, zipigwe muhuri, zirudishwe. Pesa zikipatikana, mzigo unafungwa kwa barafu kavu, ambayo ni kaboni dioksidi iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri. Kisha unapandishwa ndege hadi JKIA.

Hapo ndipo mambo huwa moto, na moto ndio kitu Taq haitaki kwenye hifadhi. Inafaa kukaa katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji. Inageuka hewa na kupotea. Kila siku ambayo mzigo unakaa ghalani ukingoja kibali, karatasi au sahihi ya mtu aliyeenda mkutano, barafu inapungua. Ikiisha, ulicholipia ni kichupa cha bei ghali chenye kitu usichoweza kukiamini tena.

Mwanafunzi haoni hata moja ya haya. Anachoona ni ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa msimamizi wake: bado haijafika. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa muhula. Karo ya muhula wa ziada inalipwa. Kodi ya nyumba pale Juja au Kahawa inalipwa. Ufadhili una tarehe ya mwisho, na tarehe haingoji mtu.

Bei nayo ni stori nyingine. Kila anayegusa karatasi anaongeza chake: ajenti, ndege, bima, ushuru, ada ya tamko la uagizaji, ada ya reli. Kisha kuna dola. Katikati ya 2021 dola moja ilikuwa karibu Sh108. Mwanzoni mwa 2024 ilifika takriban Sh160. Aliyeandika bajeti ya utafiti kwa shilingi mwaka ule wa kwanza alijikuta ameshika nusu mkate kabla hajafungua hata kichupa kimoja.

Tulionywa mara ngapi?

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Miezi michache iliyofuata ilitufunza somo ambalo hatukupaswa kulisahau. Mashine za PCR zilikuwepo katika maabara zetu. Watu wa kuziendesha walikuwepo. Vitendanishi ndivyo vilikosekana, kwa sababu ulimwengu mzima ulikuwa ukigombania bidhaa za viwanda vichache, na nchi zenye viwanda hivyo zilijihudumia kwanza.

Tusiwalaumu sana. Ukiwa na unga kwa nyumba na watoto wako wana njaa, hutaanza kwa kulisha mtaa wa pili.

Mapema 2021, dawa za ARV zilizotolewa kama msaada na Marekani zilikwama bandarini Mombasa kwa sababu ya mvutano kuhusu kodi. Hizo zilikuwa dawa, si vitendanishi, lakini funzo ni moja: kitu kinachotoka nje kinaweza kukwama mlangoni pako, na mgonjwa hapokei maelezo badala ya tembe.

Januari 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya kigeni kwa amri moja. Miradi ya afya na utafiti humu nchini iliyotegemea pesa hizo ilitikisika ndani ya siku chache. Kwa wengi waliokuwa kwa kandarasi, na wengi wao vijana, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba kazi yao ilikuwa ikiamuliwa jiji lingine kabisa.

Na si Kenya peke yake inayoumia utegemezi unapokuwa wa upande mmoja. Agari, ile jeli ambayo maabara huoteshea bakteria, hutokana na mwani mwekundu wa baharini. Wazo la kuitumia maabarani lilitoka kwa Fannie Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe kazini, na likafika kwa Robert Koch mjini Berlin katika miaka ya 1880. Sehemu kubwa ya agari ya maabara duniani imetegemea mwani wa pwani ya Morocco. Mwaka wa 2015, Morocco ilipopunguza uvunaji ili kuhifadhi mwani wake, maabara za Ulaya na Marekani nazo zilianza kulia.

Kama tajiri analia kwa pwani moja ikifungwa, maskini asiye na akiba afanye nini?

Tumewahi, na si kidogo

Kuna wale watasema hii ni ndoto, kwamba vitu hivi ni vya wazungu na Wachina. Hao hawajui historia ya Nairobi.

Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waligundua jinsi ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, zinazofanana zote, bila kikomo. Waliunganisha seli inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokufa. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1984. Karibu kila kipimo cha haraka unachokijua leo kina deni kwao.

Miaka mitano tu baada ya ugunduzi huo, mwaka wa 1980, watafiti wa taasisi ya ILRAD iliyokuwa Kabete walikuwa tayari wamechapisha matokeo ya kingamwili za namna hiyo dhidi ya Theileria parva. Hicho ndicho kimelea kinachosababisha homa ya ndigana, inayoua ng'ombe wa wafugaji wetu. Teknolojia mpya kabisa duniani, hapa hapa kando ya barabara ya Naivasha. ILRAD baadaye iliungana na taasisi nyingine na kuwa ILRI mwaka wa 1994, na mpaka leo ipo.

KEMRI, iliyoundwa 1979, ilitengeneza kipimo chake cha homa ya ini aina ya B kilichoitwa HEPCELL. KEVEVAPI, iliyoundwa 1990, hutengeneza chanjo za mifugo, zikiwemo za ugonjwa wa miguu na midomo. Chanjo si kitu rahisi. Anayeweza kupika chanjo ya mamilioni ya ng'ombe hawezi kushindwa na bafa ya chumvi.

Kwa hivyo swali la kama Mkenya anaweza lilijibiwa zamani. Lililobaki ni kwa nini uwezo huo ulibaki visiwani, taasisi moja hapa na nyingine pale, bila kufika kwenye maabara ya chuo anachosoma kijana wa kawaida.

Jinzi, Bogoria na sisi

Pengine unaposoma hapa umevaa jinzi iliyofifishwa rangi ikapendeza. Zamani jinzi zilifuliwa na mawe ili zifike hapo. Siku hizi hutumika vimeng'enya, na baadhi ya vimeng'enya vya kazi hiyo vimetokana na bakteria wa maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, humu Kenya.

Watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli katika maziwa hayo, likiwemo Bogoria, mapema katika miaka ya 1990. Kampuni ya Genencor ikaibuka na bidhaa za kufifisha jinzi na za sabuni ya kufulia. Mwaka wa 2004, shirika la KWS lilijitokeza kudai mgao wa faida, na mvutano kuhusu vibali na mapato ukafika magazetini duniani kote. Mwaka wa 2007, KWS iliingia mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu vijidudu vya humu nchini, safari hii kwa masharti yaliyoandikwa.

Ni vizuri kudai mgao. Lakini hebu tujiulize: kwa nini ndoto yetu kubwa iwe kulipwa asilimia fulani na mtu anayetengeneza, badala ya kutengeneza?

Hadithi ya Taq inafanana na ya Bogoria, ila mwisho wake ni tofauti. Mwaka wa 1966, Thomas Brock na mwanafunzi wake wa shahada ya kwanza, Hudson Freeze, walipata bakteria kwenye chemchemi ya maji moto huko Yellowstone, Marekani. Wakamwita Thermus aquaticus. Kimeng'enya chake hakiharibiki kwa joto linalokaribia la maji yanayochemka. Kary Mullis alipobuni PCR mwaka wa 1983, kimeng'enya alichotumia kilikufa kila mara DNA ilipochemshwa, ikabidi kuongeza kingine kila raundi. Taq ikatatua shida hiyo, na Mullis akapata Nobel mwaka wa 1993.

Rudia hapo: mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Si profesa mwenye mvi.

Taq inapikwaje?

Wengi wetu tunadhani vitendanishi hutoka kwenye kiwanda chenye roboti. Kwa Taq, mambo ni rahisi kuliko unavyofikiria.

Jeni ya Taq huwekwa ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, E. koli. Bakteria hao hulishwa supu ya virutubisho usiku kucha kwenye chupa inayotikiswa. Wakiisha kuongezeka, hupasuliwa ili watoe protini zao. Kisha mchanganyiko huo huwekwa kwenye maji ya nyuzi 75 kwa muda wa saa moja hivi. Protini nyingi za E. koli huganda kama yai kwenye sufuria. Taq, iliyozaliwa chemchemi ya moto, inabaki hai. Unazungusha kwa mashine, taka zinashuka chini, na Taq unaikusanya juu. Kuna hatua za kuisafisha zaidi, kuipima nguvu na kuihifadhi kwa gliseroli kwenye friji.

Lita moja ya supu hiyo inaweza kutoa Taq ya kutosha maelfu ya vipimo. Hataza kuu za PCR ziliisha muda katikati ya miaka ya 2000, na mashirika yasiyo ya faida kama Addgene husambaza DNA za aina hii kwa watafiti. Vifaa vinavyohitajika ni vile ambavyo idara nzuri ya baiokemia tayari inavyo.

Mjini Yaoundé, Kameruni, maabara ya kijamii iitwayo Mboalab imekuwa ikishughulikia utengenezaji wa vimeng'enya pale pale badala ya kungoja ndege. Hao si matajiri kutushinda. Wameamua tu.

Sasa kuhusu kingamwili. Zile za kawaida ni ngumu kutengeneza, huo ni ukweli. Lakini mwaka wa 1993 timu ya Raymond Hamers huko Brussels ilitangaza kwamba ngamia ana kingamwili za ajabu, ndogo na zisizo na ile minyororo miepesi ambayo kingamwili zetu zinayo. Kipande kinachoshika shabaha kinaweza kutengenezwa ndani ya bakteria, kama Taq. Kinaitwa nanobodi. Dawa ya kwanza ya nanobodi, kaplasizumabu, iliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2018.

Brussels haina ngamia wa kufuga. Sisi tunao kwa mamilioni, kuanzia Isiolo hadi Mandera. Kinachohitajika ni damu kidogo kutoka kwa mnyama aliyechanjwa, bila kumchinja, na maabara inayojua la kufanya nayo. Na kwa kuwa Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutekelezwa 2014, mfugaji huyo naye lazima awe na mgao wake ulioandikwa, siyo ahadi ya mdomo. Tusimfanyie mfugaji wa Wajir yale tuliyolalamika tulifanyiwa Bogoria.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ni ubora. Kitu cha nje ni safi, cha hapa ni jua kali, wanasema. Ubora ni jambo zito, na hatulipuuzi. Lakini lebo ya ng'ambo si dhamana. Utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Montreal, Kanada, na kuchapishwa 2023, ulipima kingamwili 614 za madukani, zilizouzwa kama za kutambua protini 65. Zaidi ya nusu zilifeli katika jaribio moja au zaidi. Kumbuka hizo ni bidhaa ambazo watu wamelipa dola. Dawa ya ubora ni kupima kila toleo na kuweka matokeo wazi, iwe limetoka Munich au Kabete.

Aidha, tutofautishe. Kitendanishi cha kufundishia na cha utafiti si sawa na kipimo cha kumwambia mgonjwa ana ugonjwa gani. Hicho cha pili lazima kipite kwa wadhibiti kama vile Bodi ya Famasia na Sumu, na tusikubali njia ya mkato hata kidogo. Tuanze na cha kwanza, tujifunze, halafu tupande ngazi.

Hoja ya pili ni soko. Eti Kenya ni ndogo, haitanunua vya kutosha. Hoja hii ina uzito kwa vitendanishi adimu ambavyo mtafiti mmoja hutumia mara moja kwa miaka mitatu. Hivyo tuendelee kuviagiza bila aibu. Lakini Taq, bafa, jeli na supu za kuoteshea bakteria hutumika kila wiki katika vyuo, hospitali za rufaa, ILRI, KEMRI, icipe na maabara za mimea. Uganda, Tanzania na Rwanda nazo zinapanga foleni ile ile ya ndege.

Hoja ya tatu ni stima. Friji ikizimika, kila kitu kimeharibika. Ni kweli, na ndiyo sababu kitengo cha kutengeneza kinafaa kuwa ndani ya taasisi ambayo tayari ina jenereta na mafundi, si kwenye jengo jipya la kukatia utepe.

Kifanyike nini?

Kwanza, serikali ichague taasisi moja ya umma iliyopo, iwe KEMRI, KEVEVAPI au chuo kikuu, na kuipa kazi ya kutengeneza orodha fupi ya vitendanishi vya msingi. Vitano vinatosha kuanza. Tusitangaze mji wa bayoteknolojia wa mabilioni. Tumeona miji kama hiyo ikibaki ubao wa matangazo kando ya barabara.

Pili, maabara za umma ziahidi kununua kutoka hapo kwanza, mradi toleo limepita vipimo. Bila mnunuzi wa uhakika, kitengo kitakufa mwaka wa pili.

Tatu, JKIA iwe na dirisha moja la mizigo ya utafiti, lenye chumba baridi na fomu moja, badala ya mtafiti kukimbizana na afisi nne huku barafu ikiyeyuka kwa ghala. Hili halihitaji pesa nyingi. Linahitaji wakuu wa afisi hizo kuketi meza moja.

Nne, vyuo vianze hifadhi ya pamoja. Kuna friji zenye vitendanishi vinavyokaribia kuharibika kwa sababu mradi uliisha, na jengo la pili kuna mwanafunzi anayelia kwa kukosa hicho hicho. Orodha moja ya mtandaoni ingewakutanisha. Kuagiza kwa pamoja kungeshusha bei.

Tano, pesa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema itapewa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Hatujawahi kukaribia hapo. Hatuombi muujiza wa asilimia 2 kesho asubuhi. Tunaomba sehemu ndogo ya kile sheria yenyewe iliahidi, ielekezwe kwa kazi hii.

Na kwa msomaji kijana

Wewe uliye mwaka wa nne na unatafuta mradi, muulize msimamizi wako kama idara inaweza kutengeneza Taq yake. Mbinu imechapishwa tangu miaka ya 1990. Ukifaulu, darasa litakalokufuata litafanya PCR kwa mikono badala ya kuitazama kwa slaidi. Hilo peke yake ni mchango mkubwa kuliko tasnifu nyingi zinazokusanya vumbi maktabani.

Wewe ambaye sayansi si mambo yako, hili bado ni lako. Katikati ya 2024 vijana wa nchi hii walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakajua ushuru wa mkate na wa intaneti kuliko wabunge wengine. Katiba, katika Kifungu 201, inasema fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na kwa ushirikishaji wa wananchi. Bunge likiita maoni kuhusu bajeti ijayo, fungua ukurasa wa utafiti pia. Angalia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti imepewa ngapi. Linganisha na pesa za magari na safari. Kisha uliza, kwa maandishi, ukiwa na nambari ya ukurasa mkononi.

Mkurupuko ujao wa ugonjwa utakuja. Hatujui tu tarehe wala jina lake. Siku hiyo nchi zenye viwanda zitajihudumia kwanza tena, kama 2020. Kile tutakachokuwa nacho ni kile tulichojifunza kutengeneza kabla yake, na wale vijana tuliowapa nafasi ya kujifunza. Kazi ya kuwapa vifaa inafaa ianze katika bajeti hii, si ile ya baada ya mazishi.